Chama chetu cha kuzikana kiko imara. Kwa nini kisianze kututunza tukiwa hai?

Kamachumu77 (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana kijijini kwetu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Anayeijua Kagera anajua vyama hivi vina nguvu kiasi gani. Mtu akifariki saa nane usiku, kunapambazuka turubai limeshafungwa, masufuria makubwa yametoka stoo, kila kaya inajua mkungu wake wa ndizi inaufikisha saa ngapi, na wachimba kaburi wameshaitwa kwa majina. Asiyefika anapigwa faini, na analipa. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa na kitu au hakuwa nacho.

Sasa nguvu yote hiyo inaamka mtu akishakata roho. Miaka kumi kabla ya hapo, macho yalipoanza kufifia, dumu la lita ishirini likamshinda, dawa ya presha ikawa inamwishia katikati ya mwezi, katiba ya chama haikuwa na kifungu hata kimoja kinachomhusu. Tunachangia jeneza la mtu ambaye mwezi uliopita alikosa nauli ya bodaboda kwenda kituo cha afya. Mimi ndiye ninayeandika michango hiyo daftarini, na inaniuma.

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na wenye miaka 60 kwenda juu walikuwa kama asilimia 5.7. Kitaifa utaona ni wachache. Lakini tembea vibanjani huku, kwenye mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, asubuhi ya siku ya kazi uone unakutana na nani. Bibi, babu, na watoto ambao bado hawajaanza shule. Wenye nguvu wako Mwanza, Kahama, Dar, wengine wamevuka Mutukula kwenda Uganda.

Na kwetu hili lina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wengi waliokufa miaka ile na iliyofuata ndio ambao leo wangekuwa na kipato na wangekuwa wakiwaangalia wazazi wao. Bibi zetu walizika watoto, wakalea wajukuu kwa jembe la mkono. Wajukuu wamekua, wameondoka kutafuta maisha. Nani sasa anabaki na bibi?

Pendekezo langu ni kwamba tusianzishe chama kingine. Kile kile cha kuzikana kiongezewe kazi. Viongozi wale wale, daftari lile lile, mchango wa mwezi ugawanywe, sehemu ibaki ya misiba na sehemu iwe ya wazee walio hai. Halafu kuna zamu, ambayo naipa uzito kuliko hela. Msibani tunapangana zamu za maji, kuni na kulala matanga bila ugomvi. Zamu hiyo hiyo iende kwa mzee anayeishi peke yake, mara mbili kwa wiki: mchotee maji, uone kama amekula, uangalie kama dawa zipo.

Karibuni tujadili. Naomba hasa wenye uzoefu.

Bodaboda_Msomi

Nimeweka kambi hapa. Uzi wa maana sana mkuu.

Mlima_Kibosho

Mkuu nakuheshimu lakini kuna kitu hakijakaa sawa. Watoto wa hao wazee wako wapi? Huku kwetu Uchagani kitindamimba anarithi nyumba ya wazazi na anajua wajibu wake unaanzia hapo. Mkisema chama kitamchotea bibi maji, mtoto aliyeko Dar atapumua na kusema afadhali, wapo. Mtakuwa mmemvua jukumu lake kwa mikono yenu.

Kamachumu77

Mkuu Kibosho, hoja yako ni nzito na tuliijadili hata kwenye kamati. Jibu langu ni hili. Msiba nao ni jukumu la watoto, lakini hatusubiri mtoto afike kutoka Dar ndipo tufunge turubai. Tunaanza, yeye anatukuta, na akifika tunamwambia kinachobaki ni chake. Kwa mzee aliye hai naona iwe vivyo hivyo. Kila mzee awe na ukurasa wake daftarini: watoto ni nani, wako wapi, namba zao za simu, nani anatuma nini. Mtoto akijua kijiji kinaweka kumbukumbu, atajitoa kwa shida sana. Anayejificha leo anajificha kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Na wapo wasio na mtoto kabisa. Hao tuwafanyeje?

NesiWaZamu

Habari za humu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi muda mrefu kliniki ya presha na kisukari. Naomba niongeze ya upande wangu kwa sababu mleta uzi amegusa penyewe.

Mzee wa presha anaacha dawa kwa sababu mbili. Ama imeisha na hana nauli, ama anajisikia vizuri na anadhani amepona. Ya pili ndiyo inayotuletea watu waliopooza upande mmoja. Kwa hiyo mtu wa zamu akifika asiulize tu "unaendeleaje?", maana mzee atajibu "sijambo" hata kama anazimia. Aombe aoneshwe pakiti, ahesabu vidonge vilivyobaki, alinganishe na tarehe ya kliniki kwenye kadi. Ni kazi ya dakika mbili.

Mwenye kisukari mvulisheni viatu muone nyayo. Miguu inakufa ganzi, anachomwa na msumari au kaa la moto na hana habari, anakuja kwetu kidonda kimeshaoza. Nawaomba sana hili mlichukue kama lilivyo. Nyayo zote mbili, na katikati ya vidole.

Halafu kuanguka. Wengi huanguka usiku wakienda choo cha nje, njia ina utelezi, giza, mlango una kizingiti kirefu. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mtu wa miaka 75, mara nyingi hatembei tena kama zamani. Vijana wa chama wakiwa na nusu siku wanaweza kuchimbia nguzo mbili imara ndani ya choo, moja kila upande wa tundu, zifike usawa wa kiuno ili mzee ashike akiinuka. Wamwage kokoto njiani. Wafunge kamba ya katani kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa choo, aifuate kwa mkono. Taa ndogo ya sola ikipatikana, vizuri zaidi. Nimeona nyumba iliyofanyiwa hivyo na bibi wa pale akaacha kabisa kujinyima maji jioni, maana kumbe alikuwa hanywi maji akiogopa kutoka usiku.

La mwisho ni macho. Mzee akisema ukungu umemtanda msimwambie ni uzee. Huenda ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji mfupi. Kuna watu wanakaa kwenye giza miaka bure.

Bint_Makunduchi

Assalaam alaykum. Miye niko Unguja. Kwetu Zanzibar tangu 2016 kuna Pensheni Jamii, kila aliyetimia miaka 70 analipwa kila mwezi, awe alifanya kazi serikalini au alikuwa akivua pweza na kulima mwani maisha yake yote. Ilianza shilingi 20,000, baadae ikapandishwa hadi 50,000. Bi mkubwa wangu analipwa.

Pesa si nyingi, lakini nikwambieni kilichobadilika. Zamani akitaka sabuni au sukari ananitazama usoni kwanza ajue leo nimeamkaje. Sasa anamtuma mjukuu dukani kwa pesa yake mwenyewe, na mjukuu anapata shilingi mia mbili ya barafu. Heshima yake ndani ya nyumba imerudi. Kwa hivyo nyie wa bara dainini na hilo pia, msiliachie chama cha kijiji peke yake.

Nyumba za wazee pia tunazo, Sebleni na Welezo hapa Unguja, na Limbani kule Pemba. Wanaoishi humo wengi hawana jamaa. Mwenye jamaa, kwao ni kwao.

Nyalenda_K

Salamu kutoka Kisumu. Huku Kenya tuna Inua Jamii, wenye miaka 70 na zaidi wanapata shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Inasaidia, lakini inaweza kuchelewa, na ikichelewa nyanya anakopa dukani, ikifika inaishia kwenye deni. Chama cha mleta uzi kingefaa hapo, kumkopesha mzee bila riba hadi pesa ya serikali iingie. Wekeni hilo kwa katiba yenu.

Mnyamahanga_wa_Nshamba

Mleta uzi, kwa kuwa uko Muleba huna haja ya kwenda mbali. Hapa Nshamba kuna shirika la Kwa Wazee, lipo tangu 2003. Walianza kwa kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa bibi waliobaki na wajukuu yatima. Lakini mimi ninachokipenda zaidi ni vikundi vyao. Wazee wenyewe wanakaa pamoja, wanaweka akiba kidogo, wanatembeleana, mwenye nguvu anamsaidia aliyechoka. Bibi wa miaka 68 anamlimia wa miaka 80. Nenda ukakae nao siku moja kabla hujaandika hiyo katiba.

Kamachumu77

Nashukuru sana ndugu wa Nshamba. Nitakuja, na nitakuja na mwenyekiti.

Nesi, yale ya nguzo za choo na kamba nimeyanakili neno kwa neno. Dada wa Makunduchi, nimekuelewa. Sera ya Taifa ya Wazee huku bara ilitungwa 2003, inamtambua mzee kuwa ni wa miaka 60, na inazungumzia matibabu bure kwa asiyejiweza. Dirisha la wazee hospitali tumeliona. Pensheni ya kila mzee ndiyo bado tunaidai, na tutaendelea kuidai. Ila bibi wa jirani yangu ana miaka 79 na anahitaji maji leo jioni.

Wakili_Kanyigo

Wakuu, nimesoma uzi wote. Hamjagusa ardhi, na kwa Kagera mzee na kibanja havitenganishwi.

Kuna kesi ambayo wanasheria wote nchini wanaijua, Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliyoamuliwa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Inatajwa kila mara kama kesi ya haki ya mwanamke wa Kihaya kuuza shamba la ukoo. Ni kweli. Lakini someni ilivyoanza. Yule mama alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Akazeeka, akaona hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, hapo hapo Muleba, kupinga kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mama alishinda, kwa msingi wa katiba yetu inayokataza ubaguzi.

Mimi kila nikiisoma najiuliza swali ambalo mahakama haikuulizwa. Ukoo uliokuwa tayari kwenda mahakamani hadi Mwanza kwa ajili ya shamba, ulikuwa wapi mama alipokuwa anahitaji wa kumtunza? Angekuwa na mtu wa kumwangalia, je, angeuza?

Kwa hiyo kwenye zile kurasa za mleta uzi ongezeni mstari wa wosia. Kwa anayefuata sheria za kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo pia ni wanne kwa mpangilio huo huo. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika na kutunza wosia. Ufanyike mzee akiwa na akili timamu na mbele ya watu, kwa sababu wosia wa kitandani usiku, shahidi akiwa mrithi mwenyewe, ndio unaoleta mapanga.

Na akina mama wajane waangaliwe kwa namna ya pekee. Wengi wanaishi kwenye kibanja ambacho shemeji anakihesabu ni chake.

Mwana_wa_Kahama

Wakili ametaja mapanga, na mimi natoka ukanda ambako wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kweli, kwa kusingiziwa uchawi. Ushahidi unaotajwa? Macho mekundu. Bibi amepikia kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe maisha yote kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yatakosaje kuwa mekundu? Na chini ya tuhuma nyingi ukichimba unakuta shamba.

Kuna jingine ambalo halisemwi. Mzee akianza kusahau, akaongea peke yake, akakutwa usiku uwanjani kwa jirani hajui amefikaje, watu wanasema anawanga. Ule ni ugonjwa wa ubongo. Naomba zamu zenu ziwe na mtu aliyefundishwa hilo, ili siku bibi akikutwa uwanjani kwa mtu, yupo wa kusema huyu ni mgonjwa, mrudisheni nyumbani. Neno la kiongozi wa chama cha kuzikana lina uzito kijijini kuliko la polisi aliye kilomita thelathini.

NesiWaZamu

@Mwana_wa_Kahama Mungu akubariki. Naunga mkono kwa asilimia mia. Na jiko, hata kutoboa dirisha ukutani na kuhakikisha kuni zimekauka, kunapunguza moshi sana.

Ta_Kashai

Mimi ni miongoni mwa hao watoto mnaowasema. Niko Dar, mama yuko peke yake kijijini, natuma hela kila mwezi. Shida yangu ni kwamba sijui zinafika vipi. Namba ya siri ya simu anayo kijana wa jirani kwa sababu mama haoni maandishi. Tulipoenda kusajili laini upya kwa alama za vidole, vidole vya mama vilikataa kusomeka. Miaka yote ya jembe imezifuta. Laini ikasajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Leo hela ya mama yangu iko kwenye simu ambayo kisheria si yake.

Mkuu Kamachumu, chama kikianza, mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia kutoka huku. Na si kwa mama yangu tu.

Kamachumu77

Ndugu yangu Kashai, pole sana, na hauko peke yako. Hilo la simu limenipa wazo. Mtu wa zamu asiguse kabisa namba ya siri. Hela ikitoka, itolewe mbele ya watu wawili wa kamati, iandikwe, mtoto apigiwe simu pale pale. Tunavyofanya na rambirambi ndivyo tutakavyofanya na hii.

Mwl_Mstaafu

Vijana, hamjambo. Nina miaka 71. Nimewasoma kimya tangu asubuhi.

Mengi mnayosema ni mema. Neno langu ni kwamba mnatupangia. Kwenye kamati mnayoiunda wazee wangapi watakaa? Mimi naweza kusoma kadi za kliniki, naweza kuwaandikia wenzangu barua, naweza kukaa na watoto watano jioni nikawafundisha hesabu ilhali mama yao ameenda kumchotea mzee mwingine maji. Msinifanye wa kutembelewa tu.

La pili nawaambia ninyi wa miaka 40. Mimi nilikuwa mtumishi, nina pensheni. Wenzetu waliostaafu baada yetu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kiliwaumiza vichwa, malipo ya mkupuo yakawa asilimia 33, baadaye serikali ikayapandisha hadi 40 kwa kundi la watumishi kama sisi, lakini angalau kila mwezi kuna kitu. Ninyi wa bodaboda, wa kahawa, wa dagaa, mna nini? NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea waliojiajiri kwa hiari. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa miaka 60. Piga hesabu. Ukianza na miaka 45 unafika kwa kubanana. Ukianza na 50 umeshachelewa kwa 60, itabidi uchangie mpaka 65. Chama kinaweza kukusanya mchango huo pamoja na ule wa misiba, halafu mweka hazina akawasilishia wote.

Bodaboda_Msomi

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 33, sikuwahi kupiga hiyo hesabu. Jumatatu naenda ofisi zao.

Mlima_Kibosho

Mwalimu shikamoo. Mleta uzi, nimebadili msimamo kwa sehemu kubwa, hasa baada ya ile kesi ya Kashasha aliyoieleza Wakili. Bado nasisitiza mtoto abanwe kwanza. Ila swali la mwisho: hela mnagawaje? Msiba hausubiri. Mkitumia akiba kwa dawa na kesho wakafa watatu, wanachama watawageuka.

Kamachumu77

Shikamoo mwalimu. Ulichosema kimebadilisha rasimu nzima. Kamati itakuwa na watu saba, na wanne watakuwa wa miaka 60 na zaidi. Nikipata nafasi nitakuja kukuomba uwe mshauri hata kwa simu.

Mkuu Kibosho, hilo swali ndilo litakaloulizwa mkutanoni, kwa hiyo nawaandikia kifungu kama kilivyo kwenye rasimu, mkikosoe:

"Mchango wa kila mwezi utagawanywa mafungu mawili, na kila fungu litakuwa na daftari lake na watia saini wake. Fungu la misiba halitaguswa kwa shughuli nyingine yoyote. Fungu la wazee litatumika kwa nauli ya kliniki, dawa zinazokosekana kituoni, ukarabati wa choo na paa, na mkopo usio na riba kwa mzee anayesubiri fedha. Mwanachama atakayekosa zamu ya mzee bila taarifa atatozwa faini sawa na aliyekosa msiba."

Huo mstari wa mwisho ndio utakaoleta kelele, na ndio ambao sitakubali uondolewe. Zamu ya mzee isipokuwa na faini itakufa ndani ya miezi miwili.

Tutaanza na wazee wanaoishi peke yao tu, tuone mzigo ukoje. Wosia, nguzo za choo na ukurasa wa watoto ndivyo vitatangulia, kwa sababu vingi kati ya hivyo havihitaji hela. Mkutano ni Jumapili baada ya misa ya pili. Nitaleta mrejesho humu humu, na wakikataa nitasema wamekataa nini na kwa sababu gani.

Wakili_Kanyigo

Kwenye kifungu ongeza: watia saini wa mafungu hayo mawili wasitoke kaya moja.

Kamachumu77

Nimeongeza.